Amplifaya Isiyovuma

Uriri,
Jumapili alasiri

Akinyi, mwanangu,

Jana uliniomba nikuandikie kwenye karatasi aina ya amplifaya ya kununua kwa chumba chako kipya, ili kesho ukifika Migori mjini upitie dukani kwa Marwa, fundi wa redio, kabla ya kutafuta gari la Kegonga, kwenye kazi yako mpya ya ualimu. Ulisema karatasi moja inatosha. Hiyo moja nimeiandika na kuikunja peke yake, utampa Marwa. Hizi nyingine ni zako. Nje ya duka lake kuna benchi, chini ya dirisha. Keti hapo uzisome zote kabla hujaingia ndani. Marwa hatakuharakisha.

Utashangaa kwamba nakuandikia Kiswahili, wakati mimi nawe hatusemi Kiswahili humu ndani ila tukiwa na mgeni. Asubuhi nilijaribu Kiluo. Niliandika mistari mitatu nikaacha. Katika Kiluo mama yako yumo, na ninayotaka kusema siwezi kuyasema yeye akinitazama. Kiswahili nimekifundisha miaka thelathini na mmoja. Ni lugha niliyozoea kusahihishia makosa ya watu wengine.

Mambo ya kuchemsha maji na kufunga chandarua unayajua kuliko mimi. Kazi ya ualimu watakufundisha watoto wa huko wenyewe, tena bila huruma. Kwa hiyo hayo nayaacha. Nianze na amplifaya, maana humo ndimo mna kila kitu.

Ulisema, “Baba, nichagulie wewe. Mikono yangu huharibu vitu vya sauti.” Ukaiinua mikono yako miwili huku unacheka, kama mtu anayemwonyesha mwenzake kovu la zamani lisilouma tena. Nami nikacheka. Kisha nikachukua fimbo yangu nikaenda nyuma ya ghala. Ulidhani nimekwenda kutazama mahindi.

Akinyi, mikono yako haijaharibu chochote. Nimelijua hilo kwa miaka tisa.

Mwaka ule ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama yako alikuwa ameanza kulala mchana. Unakumbuka alivyokuwa akiimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa, na alivyopenda kaseti za kwaya, na ile redio kaseti yetu nyeusi yenye mpini uliovunjika. Kila sauti iliyopita katika redio ile ilitoka kama imefungwa kwenye gunia. Siku moja aliniambia, “Baba Akinyi, ukilipwa pesa za tumbaku yetu, ninunulie amplifaya ndogo na spika mbili ndogo. Nataka kumsikia kila mtu pale alipo. Sauti ya chini tu. Ya juu inanipasua kichwa.”

Hakuwa mtu wa kuomba. Katika ndoa yetu sikumbuki akiomba kitu kingine kwa ajili yake peke yake.

Tumbaku ikalipwa, nikaenda kwa Marwa. Alikuwa kijana bado, ametoka kwao Kuria na bisibisi tatu na meza moja. Alinitolea amplifaya ya kijivu, haizidi ukubwa wa Biblia mbili zilizolazwa pamoja, imeshatumika lakini safi. Ilifanya kazi kwa stima na kwa betri ya gari pia, na sisi hapa hatukuwa na stima. Akaiwasha, akaweka kaseti, akapunguza sauti mpaka chini kabisa. Bado nilisikia waimbaji wanavuta pumzi.

“Mwalimu, nyumba yako ni ya vyumba vingapi?” aliniuliza.

“Viwili na sebule.”

“Basi hii itajaza yote na nyingine ibaki.”

Lakini macho yangu yalikuwa kwenye rafu ya juu. Huko kulikuwa na nyingine, pana kama sanduku la shule, ina taa za kijani zinazopanda na kushuka, na mbele imebandikwa karatasi inayong'aa yenye maandishi ya wati elfu moja.

“Na hiyo kubwa?”

“Hiyo ni ya majirani,” Marwa akasema. “Wewe unanunua, wao wanasikia.”

Kulikuwa na mwanamume akingoja redio yake, akacheka. “Wacha Mwalimu achukue kubwa, bwana! Matanga ni mingi huko Uriri. Na nani anasoma historia ya marehemu kama yeye?”

Maneno hayo yaliingia mahali palipokuwa pamekwisha kuandaliwa. Unajua jinsi ilivyokuwa. Hakuna mazishi yaliyofanyika kati ya hapa na barabara kuu bila mimi kuitwa kusoma historia ya marehemu. Nilikuwa najua kusimama, kunyamaza kidogo, kulishusha neno la mwisho. Wanawake walikuwa wakilia mahali nilipotaka walie. Na mara zote vyombo vilikuwa vya mtu mwingine, vinakoroma, vinakatika katikati ya sentensi zangu nzuri. Nikajiona na vyombo vyangu mwenyewe. Nikajiambia kwamba mama yako naye atasikia, kwani kikubwa kinaweza kupunguzwa.

Nilikosea hata kwa hesabu za fundi. Marwa alinieleza huku akifunga kamba kwenye boksi, nami sikusikiliza: zile wati elfu ni za karatasi tu, na amplifaya ya aina ile ina mvumo wake ambao haupungui hata ukipunguza wimbo. Ukicheza kwa nguvu uwanjani huusikii. Ukicheza chini chumbani, karibu na mgonjwa, ndio unaousikia peke yake.

Niliifunga sebuleni kwa mbwembwe nyingi. Mama yako akatoka chumbani akishika ukuta.

“Umemnunulia nani hii?”

“Wewe.”

Akasikiliza. Sikuwa nimeweka kaseti bado.

“Mbona inanguruma na hakuna anayeimba?”

“Itazoea.”

“Kama nyuki wameingia ukutani,” akasema. Akangoja kidogo, kwa adabu, kama mtu anayengoja mgeni wa mume wake amalize kuongea. “Izime tu, Baba Akinyi. Nirudishie redio yangu.”

Hakuitaja tena. Wiki hiyo hiyo amplifaya ikaenda matangani. Aliyefiwa huwezi kumnyima, hilo ni kweli kwetu, na mimi nilijificha ndani ya ukweli huo. Ilikuwa inarudi na vumbi na kuondoka tena. Nilikwenda nayo kila mara, eti nisiharibiwe mali.

Katika siku hizo ndipo mama yako alipochukua kaseti ya kwaya iliyokuwa na upande mmoja mtupu, akaketi kitandani na redio ile nyeusi mapajani, akarekodi. Mimi sikuwapo. Nilipata habari kwake jioni. Alisema, “Nimemwekea Akinyi maneno yake. Asiisikie mpaka akue kidogo.” Nikasema ni vizuri. Nilikuwa natafuta tai yangu.

Baadaye akalazwa Homa Bay. Shangazi yako Mikal alikaa naye. Mama yako alituma neno kwamba apelekewe redio, asikilize kwaya yake huko wodini. Nilijibu kwamba nitaileta baada ya siku chache, kwa kuwa nilikuwa naihitaji. Nilikuwa naihitaji kwa sababu kulikuwa na mazishi ya mzee mmoja tajiri, mwenye wake watatu na mabasi mawili, na watu wakubwa walikuwa wanakuja, nami nilikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeijua. Kila nilipokuwa na hotuba kubwa nilijirekodi kwanza, nikajisikiliza, nikarekebisha.

Kaseti ilikuwamo ndani ya redio. Sikuitoa kuitazama. Niliirudisha mpaka mwanzo, nikabonyeza vile vitufe viwili pamoja, nikasimama mbele ya kabati na karatasi zangu, nikaanza kumsifu yule mzee. Historia ya mtu mwenye wake watatu na mabasi mawili haiwi fupi. Nilipomaliza niliitoa kaseti, nikaona mwandiko wa mama yako kwa kalamu ya buluu: Ya Akinyi.

Ningependa kukuambia kwamba nililia. Nililowa jasho, na jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba yuko Homa Bay, hataijua kabla sijapata la kusema. Hilo ndilo lililokuja kwanza, Akinyi. Nimelitafutia mwenzake wa heshima zaidi kwa miaka yote hii, sijampata.

Siku ya Ijumaa nikaenda kusoma hotuba yangu. Mzee mmoja alinishika mkono wote hadi kiwiko. “Mwalimu, leo hata marehemu amefurahi.” Jumamosi, kanisani kwenye sabato yetu, ndipo ujumbe wa Mikal uliponifikia kwamba mama yako amekwenda. Redio ilikuwa bado sebuleni, imefunikwa kitambaa.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Tulikuwa tumezika jana yake. Wanawake wa kwaya walikuwa sebuleni, Mikal ameketi karibu na mlango, wewe umevaa sweta ya shule kwa sababu ndiyo iliyokuwa nzima. Ukasema, “Baba, weka kaseti ya Mama.”

Nikaichukua pamoja na redio, nikaingia navyo chumbani kana kwamba naitayarisha. Nikakaa muda. Nilikuwa najua kwamba nikibonyeza tu, sebule yote itanisikia nikimsifu mwenye mabasi. Nikatoka.

“Imefutika,” nikasema.

“Nani ameifuta?” Mikal akauliza.

Jibu lilikuwa neno moja la herufi nne. Mimi. Ningelisema, wangenilaumu kwa siku mbili, wewe ungelia, na tungekuwa tumemaliza. Badala yake nikauliza swali, kwa sauti ile ile ya darasani: “Nani mwingine alikuwa akiichezea redio hii?”

Wote wakakutazama wewe.

“Mimi nilibonyeza,” ukasema. “Lakini Mama mwenyewe ndiye aliniambia nibonyeze.”

“Wewe mtoto, wacha kumsingizia mama yako!” Mikal akasema. “Hajamaliza hata siku mbili pale nje, na tayari unamwekea uongo?”

“Si uongo. Aliniambia.”

Ukanitazama. Hukuwatazama wao, ulinitazama mimi, ukingoja, kama mtoto anayemngoja mwalimu aseme kwamba jibu lake ni sahihi. Nami nikaitazama redio. Nikaona ukikubali. Niliona usoni mwako kabisa pale ulipoamua kwamba wakubwa hawawezi kukosea wote, na kwa hiyo ni lazima vidole vyako ndivyo vilivyofanya. Mikal sasa naye hayupo. Usimkasirikie. Alidanganywa kama wewe.

Tangu siku hiyo hukugusa redio. Ukitaka habari ulikuwa unangoja mtu aiwashe. Shuleni mwalimu wako alinieleza kwamba ulikataa kupewa kazi ya kufungulia darasa vipindi vya redio, akadhani ni uvivu, nami nikamwacha adhani. Uliacha kwaya. Ulisema sauti yako imekuwa mbaya, nami nilijua haikuwa mbaya kwa sababu nilikusikia ukiimba kisimani, ukidhani uko peke yako.

Na kuna siku moja ambayo huenda umeisahau. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ulikuja nikiwa nasahihisha madaftari, ukapiga magoti kabisa, ukaniomba msamaha kwa kufuta sauti ya mama yako. Nikaweka mkono kichwani mwako. Nikasema nimekusamehe.

Nimefanya mabaya mengine maishani, hata haya niliyokwisha kuandika. Hakuna lililo chini kuliko msamaha ule. Nimeshindwa hata kuandika sentensi hii mara mbili kabla ya hii ya sasa.

Amplifaya ile kubwa iliungua kwenye mazishi, miaka sita iliyopita. Ilitoa moshi katikati ya sala. Spika zake ndizo zile zilizo nyuma ya jiko. Moja ina kuku anayelalia. Marwa aliniuliza kama aitengeneze, nikamwambia hapana.

Mwezi wa pili mwaka huu, daktari wa Homa Bay aliponionyesha picha ya kifua changu na kuongea taratibu kupita kawaida, nilirudi nyumbani na nia ya kuichoma kaseti. Ndiyo, nilikuwa nayo. Nilimwambia kila mtu nimeitupa, kumbe ilikuwa chini ya shahada zangu katika sanduku la bati. Sikuwa nimeisikiliza hata mara moja. Nilitaka kuhakikisha kwamba kweli hakuna kitu, halafu niichome, nife nayo. Redio ikaula ukanda. Nikaogopa, mimi niliyekuwa na kiberiti mfukoni. Nikaipeleka kwa Marwa.

Aliunyoosha ukanda kwa penseli, akausafisha, akaiweka kwenye mashine ya mezani kwake. Akanitazama. “Mwalimu, unajua hii ni gani?” Alikuwa anagonga kwa kidole amplifaya ndogo ya kijivu. Ni ile ile. Hakuiuza. Ndiyo anayojaribia kazi zake zote, kwa sababu, anasema, hii haimdanganyi. Kisha sauti yangu ikaanza: “Marehemu alizaliwa katika familia ya kicho cha Mungu…” Marwa akasikiliza kidogo, akanitazama tena, akasema ana haja ya kununua risasi ya kuunganishia nyaya. Akatoka akafunga mlango. Risasi ilikuwa pale mezani, roli nzima.

Nikajisikiliza mpaka mwisho. Ni adhabu ninayomtakia kila msemaji. Kisha kukatokea mlio mdogo wa kitufe, kwa sababu pale nilipomaliza ndipo nilipozima, na ukanda ulikuwa bado haujaisha. Sikuwa nimewahi kufikiri hivyo. Mtu mwenye aibu hafikiri mbele ya aibu yake.

Akaingia mama yako, katikati ya neno.

Ni sauti ya chini sana, Akinyi. Alikuwa amechoka. Anaimba sauti ya pili peke yake, bila ya kwanza, hivyo wimbo haukai vizuri, kama mtu anayetembea kando ya njia. Anaacha, anacheka, anasema pumzi imekwisha. Anasema mambo mawili ya kuhusu asubuhi uliyozaliwa, na hayo sitakuandikia, ni yake. Kisha anaita, “Akinyi nyathina,” mwanangu, “njoo. Nimechoka. Bonyeza wewe.”

Kuna hatua za miguu. Kuna sauti ndogo, karibu sana: “Hapa?”

“Hapo hapo. Usiogope.”

Basi. Ulibonyeza. Ukanda ukasimama, na maneno yake yakabaki salama, mpaka nilipokuja mimi na hotuba yangu.

Hukumsingizia. Ulisema kweli mbele ya watu wazima wote wale, peke yako, na mimi ndiye niliyejua namna ya kuchunguza, na sikuchunguza. Nimejua yaliyomo katika kaseti hii kwa miezi tisa tangu siku ile dukani, na kila siku ya likizo nimekuona ukipita hapa, nikanyamaza. Hata leo nakuandikia, nawe uko pale uani unakunja nguo, naweza kukuita. Sikuiti. Woga wangu haujaisha. Umepungua tu kiasi cha kuweza kushika kalamu.

Kaseti nimeifunga ndani ya kitambaa cha kichwa cha mama yako, kile cha maua ya manjano. Iko katikati ya sweta zako. Ili umfikie itakubidi unipitie mimi na mabasi mawili. Unaweza kuupeleka ukanda mbele haraka usinisikie, una haki hiyo. Mimi ningependa unisikie mara moja, ujue ni nini kilichofunika sauti yake. Usipotaka, sawa.

Kwa hiyo unaona kwa nini amplifaya yako haifai kuvuma. Hapo dukani, washa kila moja kabla hujaweka kaseti yoyote. Fungua sauti mpaka nusu, kisha weka sikio lako kwenye spika. Ukisikia nyuki, iache, hata kama ina taa za kijani. Ipunguze mpaka chini kabisa uone kama spika zote mbili bado zinaongea, maana nyingine hufa upande mmoja. Zungusha kitufe cha kuongezea sauti polepole. Kikikwaruza, mwambie Marwa akisafishe. Hakikisha inakubali betri ya gari, Kegonga huwezi kujua. Iache icheze muda wa kunywa chai, kisha iguse kwa kiganja. Uvuguvugu ni sawa, moto si sawa. Wati usizisome. Kwa majaribio tumia upande wa pili wa kaseti, ule wa kwaya. Upande wako ungoje chumba chako.

Pesa zilizo kwenye bahasha zinatosha ndogo pamoja na spika na mashine ya kaseti, na hazitoshi kubwa. Nimefanya makusudi.

Lakini sikuchagulii. Huenda ile ya kijivu itakufaa, huenda kuna nyingine bora sasa; miaka hii mambo ya vyombo yamebadilika. Karatasi niliyoikunja haina jina la amplifaya. Nimeandika hivi: “Marwa, huyu ni binti yangu Akinyi. Mtolee zote, mwache aziwashe mwenyewe. Usimsaidie.”

Msamaha wako sikuombi. Ulishawahi kuniomba wa kwako, ukajionea ulivyotolewa. Kesho asubuhi nitakaa mlangoni, utanishika mkono kama kawaida, nami sitasema lolote, kwa hiyo nayasema hapa. Nenda ukabonyeze, mwanangu. Hapo hapo. Usiogope.

Baba yako